Mduara wa Redio: Mwalimu, Mwanafunzi na Mabadiliko ya Vyombo vya Kufundishia katika Elimu ya Watu Wazima Tanzania, 1967–1986

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia ya elimu aghalabu huandikwa kama historia ya vyombo. Husimuliwa kwamba ubao ulifuatiwa na redio, redio ikafuatiwa na televisheni, na televisheni ikafuatiwa na kompyuta. Katika masimulizi ya namna hiyo, mwalimu na mwanafunzi huonekana kama watu waliokaa wakisubiri chombo kiwafikie. Ni nadra kuulizwa ni nini kilichotokea baina yao baada ya chombo hicho kufika.

Makala hii inachunguza swali hilo kwa kurejelea kampeni za elimu ya watu wazima zilizoendeshwa nchini Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kipindi hicho kinafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kipindi ambacho redio, kijitabu na masomo kwa njia ya posta viliunganishwa katika mpango mmoja na kuwafikia mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa hawajawahi kuketi darasani. Pili, mpango huo ulivuruga mpangilio uliozoeleka wa nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi. Kijana wa darasa la saba alimfundisha baba yake herufi. Mkulima asiyejua kusoma alimsahihisha kijana huyo kuhusu mbegu na misimu. Na serikali yenyewe ililazimika kujifunza kutoka kwa wale iliokusudia kuwaelimisha. Hoja kuu ya makala ni kwamba redio, ikiwa peke yake, ilikuwa chombo cha sauti moja. Kilichoifanya iwe chombo cha kufundishana ni mduara wa watu waliokaa mbele yake, na muda waliopewa wa kuzungumza baada ya kuizima.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, idadi kubwa ya watu wake wazima walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Hata kufikia mwaka 1967, karibu theluthi mbili yao walikuwa katika hali hiyo. Shule za msingi zilikuwa chache, na walimu waliohitimu walikuwa wachache zaidi. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere alisisitiza kwamba ilikuwa lazima kuanza na watu wazima, kwa kuwa watoto wangechukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kabla ya mchango wao kuonekana katika uchumi. Kauli hiyo iligeuza mantiki ya elimu ya kikoloni, ambayo iliwekeza kwa watoto wachache waliochaguliwa na kuwaacha wazazi wao nje ya mlango wa shule.

Azimio la Arusha la Februari 1967, pamoja na waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa mwezi Machi mwaka huohuo, viliipa kauli hiyo msingi wa kisiasa. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zilichaguliwa kuwa za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Baadaye lengo lilipanuliwa, na nchi nzima ikatakiwa kufikia hatua hiyo mwishoni mwa mwaka 1975.

Vyombo vya kutekeleza lengo hilo vilikuwa vichache. Redio ya taifa ilikuwa imewekwa chini ya serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje ya chuo, ilikuwa na wataalamu wachache lakini wenye ari. Shule za msingi zilikuwapo katika tarafa nyingi, na walimu wakuu walipewa jukumu la kusimamia elimu ya watu wazima katika maeneo yao. Pamoja na hayo, lugha ya Kiswahili ilikuwa ikieleweka karibu kote nchini. Bila lugha moja, sauti moja kutoka Dar es Salaam isingeweza kusikilizwa Masasi na Ukerewe kwa saa ileile.

3.0 Darasa la Kisomo: Kijana Mbele ya Wazee

Mzigo mkubwa wa madarasa ya kisomo haukubebwa na walimu wenye vyeti. Ulibebwa na watu wa kujitolea, hususani vijana waliomaliza darasa la saba na kubaki vijijini. Walilipwa kifuta jasho cha shilingi 30 kwa mwezi. Wengi wao walikuwa hawajafundisha hata siku moja.

Hali hii ilizua tatizo ambalo halikuwa la kifedha. Katika jamii nyingi za Tanzania, elimu ilihesabiwa kwa umri: kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee ndiye aliyefundisha, na kijana aliinamisha kichwa akasikiliza. Sasa kijana alisimama mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi, na wazee wakaketi kwenye mabenchi ya watoto wakijifunza kushika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Mama mkwe aliweza kujikuta katika darasa la mkwewe. Mwalimu aliyemkaripia mwanafunzi wa aina hiyo kama alivyokaripiwa yeye shuleni alijikuta darasa limebaki tupu jioni iliyofuata, kwa kuwa mtu mzima hakuweza kulazimishwa kwa fimbo.

Kijana kama huyo alilazimika kujifunza ualimu kutoka kwa wanafunzi wake. Alijifunza kuanza kwa salamu zinazostahili, kuuliza kabla ya kueleza, na kusahihisha bila kumvunjia mtu heshima. Vitabu vya kisomo vilimsaidia kwa sababu viliandikwa kuhusu kazi za watu. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kati ya mwaka 1968 na 1972 kwa msaada wa UNESCO, ulitoa vitabu vilivyohusu pamba, ndizi, ng’ombe, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Somo la pamba lilipofunguliwa, nafasi zilibadilika. Kijana alijua namna neno linavyoandikwa. Wanafunzi wake walijua lini mbegu hufukiwa, wadudu huja mwezi gani na mnunuzi hudanganya vipi kwenye mizani. Pale ambapo mwalimu alikubali kufundishwa, somo lilikamilika. Pale ambapo alishikilia kwamba kitabu pekee ndicho kinachojua, alipoteza usikivu wa wakulima ambao mazao yao yalishuhudia kinyume chake.

Ni muhimu kutambua kwamba kujua mizani ndiko kulikowasukuma watu wengi kwenda darasani. Mkulima asiyeweza kusoma namba kwenye mizani wala kwenye stakabadhi alikuwa katika hatari ya kupunjwa kila msimu. Kwa mtu wa namna hiyo, kisomo kilikuwa ulinzi wa jasho lake.

4.0 Redio na Kikundi cha Kusikiliza

Sambamba na kisomo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kujaribu vikundi vya kusikiliza redio. Kampeni ya Kupanga ni Kuchagua ilihusu Mpango wa pili wa Miaka Mitano uliozinduliwa mwaka 1969. Ilifuatiwa na Uchaguzi ni Wako, iliyohusu uchaguzi mkuu wa mwaka 1970, na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka kumi ya uhuru. Hizo zilikuwa kampeni ndogo. Ile ya mwaka 1971 iliwahusisha kiasi cha watu 20,000.

Umuhimu wake ulikuwa katika mafunzo waliyoyapata waandaaji. Wakati wa Furaha ilihusu historia ya nchi. Mwaka 1971, mzee aliyekuwa mtoto wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 alikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi kidogo. Alipoketi katika kikundi kusikiliza kipindi kuhusu ukoloni, alikuwa na maarifa ambayo mtangazaji hakuwa nayo. Kipindi cha redio kilimalizika kwa saa yake. Simulizi ya mzee ilianza hapo. Kwa hiyo redio ilitoa mada, kijitabu kikatoa maelezo, na kikundi kikatoa ushahidi. Mgawanyo huu wa kazi ndio uliokuja kuwa msingi wa kampeni kubwa iliyofuata.

Kampeni hiyo ilikuwa Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki kumi na mbili mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Ili kuliwezesha jambo hilo, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi: wakufunzi wachache wa kitaifa waliwafundisha wa mikoa na wilaya, nao wakawafundisha wa tarafa, hadi kuwafikia viongozi wa vikundi vijijini. Mada zilihusu magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu kila mwaka, kama vile malaria, kuhara, kichocho, safura na kifua kikuu, pamoja na usafi wa maji na matumizi ya choo.

Utaratibu wa kikao ulikuwa mmoja. Wanakikundi walikusanyika mbele ya redio na kusikiliza kipindi. Kisha mmoja wao anayejua kusoma alisoma kwa sauti sehemu ya kitabu inayohusika. Baada ya hapo majadiliano yalianza, na mwishowe kikundi kiliamua ni jambo gani kitalifanya kabla ya kikao kijacho. Kiongozi hakuwa mtaalamu wa afya, na mafunzo yake yalisisitiza kuwa kazi yake ni kuuliza na kuwapa watu nafasi, wala si kuhutubia. Kutokuwa mtaalamu kulikuwa na faida. Mtu asiye na jibu tayari hulazimika kuwauliza wenzake.

Majadiliano hayo yalifanya kazi ambayo redio isingeweza. Sauti kutoka Dar es Salaam iliweza kueleza kwamba choo huzuia kuhara, lakini haikuweza kujua udongo wa kila kijiji. Mahali penye mchanga mtupu, shimo huporomoka. Mahali ambapo maji yako karibu, shimo hujaa. Wanaojua hayo ni waliochimba visima na makaburi katika ardhi hiyo. Hivyo, uamuzi wa kuchimba choo mahali fulani, kwa kina fulani na kwa miti fulani, ulikuwa zao la maarifa mawili yaliyokutana. Matokeo yalionekana: mamia ya maelfu ya vyoo vya shimo vilijengwa katika kipindi cha kampeni na muda mfupi baadaye. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilifuata mtindo huohuo ikiwa na washiriki wapatao milioni 1.5, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali.

5.0 Mwalimu Aliye Mwanafunzi: Mafunzo ya Ualimu kwa Masafa

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Agizo hilo lilihitaji walimu makumi ya maelfu ambao vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Kuanzia mwaka 1976, wahitimu wa darasa la saba walichukuliwa na kupelekwa moja kwa moja shuleni. Kwa miaka mitatu walifundisha huku wakisoma masomo ya ualimu yaliyotumwa kwa posta, wakisikiliza vipindi vya redio na kuongozwa na wakufunzi waliowatembelea. Mwishoni walikaa chuoni kwa wiki sita na kufanya mitihani. Takriban watu 45,000 waliandikishwa katika mpango huo.

Wananchi waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo halikuwa la sifa. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao walifundishwa na watoto wenzao. Walimu waliopitia vyuoni waliona taaluma yao ikishushwa hadhi. Malalamiko hayo hayakukosa msingi: kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka jana alikuwa na akiba ndogo ya maarifa ya kumgawia mwingine.

Hata hivyo, ukichunguzwa kwa jicho la historia, mpango huu unaonyesha jambo ambalo lawama zililifunika. Mtu mmoja alikuwa mwalimu asubuhi na mwanafunzi jioni. Somo la mbinu za kufundishia kujumlisha lilipofika kwa posta, alilijaribu darasani siku iliyofuata, na nyuso za watoto zilimwonyesha kama amelielewa. Mwalimu mzoefu aliyekuwa katika shule hiyohiyo alitakiwa kumwongoza. Katika kumwongoza alilazimika kueleza mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mazoea bila kujiuliza sababu. Kwa upande mwingine, kijana mgeni alileta vitabu vipya ambavyo mkongwe hakuwahi kuviona. Pale ambapo wawili hao walikuwapo na kusikilizana, mpango ulifanikiwa. Pale ambapo shule nzima ilikuwa ya vijana wa aina moja, barua na redio havikuweza kuziba pengo la mtu wa kuulizwa.

6.0 Watafiti Nao Wajifunza

Kufundishana huku hakukuishia vijijini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima zilipokea watafiti waliokuja na madodoso na mbinu za kupima zilizotungwa katika nchi za Magharibi. Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo miaka ya mwanzo ya 1970, na Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu pamoja na wanavijiji, walifikia hitimisho linalofanana: dodoso lilipata majibu machache kuliko mazungumzo, na waliohojiwa walikuwa na uwezo wa kuyachambua matatizo yao wenyewe. Kutokana na uzoefu huo, Tanzania ikawa mojawapo ya vitovu vya utafiti shirikishi, dhana iliyoenea duniani kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika eneo la Bagamoyo, uliendelezwa kwa msingi huo.

Kwa hiyo, mlolongo ulikamilika. Mkulima alimfundisha kijana wa kisomo, kikundi kiliikamilisha redio, na mwanakijiji akamfundisha mtafiti namna ya kuuliza.

7.0 Mipaka na Kudorora

Ingekuwa makosa kukichora kipindi hiki kama zama za usawa mtupu. Mada za kampeni zilichaguliwa Dar es Salaam. Kikundi kiliweza kujadili namna ya kuchimba choo, lakini hakikuweza kubadili mada na kujadili bei ya pamba. Aidha, kampeni hizi ziliendeshwa wakati mmoja na operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ambayo kuanzia mwaka 1973 ilitumia nguvu katika maeneo mengi. Mtu aliyehamishwa kwa shuruti alikuwa na sababu ya kunyamaza katika mduara, hasa kiongozi wa kikundi alipokuwa pia mtu wa chama. Mduara unaoketi chini ya hofu hurudi kuwa mstari: mmoja husema, wengine huitikia.

Takwimu za kisomo zilipanda kwa kasi. Jaribio la kitaifa la mwaka 1975 lilionyesha asilimia 61 ya watu wazima wakijua kusoma na kuandika. Mwaka 1977 ikawa asilimia 73, mwaka 1981 asilimia 79, na mwaka 1986 asilimia 90.4. Lakini msingi wa kiuchumi uliozibeba takwimu hizo ulikuwa ukibomoka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya karatasi iwe adimu na betri za redio ziwe anasa. Masharti ya marekebisho ya uchumi kuanzia mwaka 1986 yalipunguza matumizi ya serikali katika huduma za jamii. Redio bila betri ni sanduku, na aliyejua kusoma bila kupata cha kusoma alianza kusahau. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kiwango cha takriban asilimia 69. Ingawa vipimo vya majaribio na sensa havilingani moja kwa moja, mwelekeo wa kushuka haukufichika.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba katika elimu ya watu wazima nchini Tanzania, mabadiliko ya vyombo vya kufundishia yalikuwa pia mabadiliko ya uhusiano. Redio ilimpunguzia mwalimu mamlaka ya kuwa chanzo pekee cha maarifa, na kwa kufanya hivyo ilimfungulia mwanafunzi nafasi ya kuchangia. Nafasi hiyo haikuletwa na mawimbi ya redio. Ililetwa na uamuzi wa watu waliopanga kwamba baada ya kipindi, redio izimwe na wanakikundi waulizane.

Uzoefu huo una uzito hadi leo. Shule za Tanzania zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa tena kwa redio na televisheni, na baadhi ya wanafunzi wakafuata kwa simu na kompyuta. Vyombo vilikuwa bora kuliko vya mwaka 1973, lakini mtoto wengi wao walisikiliza peke yao nyumbani, bila mtu wa kumuuliza wala mwenzao wa kubishana naye. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuzingatiwa na wapangaji wa elimu kila wanaponunua chombo kipya. Vyombo vya mwaka 1973 vilikwisha betri. Walioketi katika mduara wake walibaki na vyoo walivyochimba, majina yao waliyojua kuyaandika, na kumbukumbu kwamba waliwahi kuulizwa wanachokijua.